Mkojo unapita, lakini mzee hajaridhika

Mgonjwa anaporudi nyumbani kutoka hospitali, majirani huuliza swali moja: "Operesheni imefanikiwa?" Ndugu hujibu ndiyo au hapana, na mara nyingi jibu hilo linatosha. Kwa mwanaume aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume halitoshi. Anaweza kuwa amepona kabisa tatizo lililompeleka hospitali, na hapo hapo akaanza kuishi na jingine ambalo hakuwa nalo: mkojo kumtoka bila yeye kutaka.

Mzee mmoja wa Katumba, Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, aliishi hivyo kwa miezi mitano bila kumwambia mtu. Ana miaka 68. Alifika Tanzania akiwa kijana, miongoni mwa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, akaoa Katumba, akalima mahindi, muhogo na tumbaku, akalea watoto sita. Kijijini anajulikana kwa kazi moja. Ukitokea msiba, yeye ndiye anayekaa na daftari la rambirambi, anaandika jina la kila aliyechangia na kiasi alichotoa, kisha anasoma hesabu mbele ya watu. Amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Tezi dume ilianza kumsumbua taratibu, kama inavyowasumbua wanaume wengi wa umri wake. Mkojo ulichelewa kuanza, ukatoka kwa matone, akawa anaamka mara tano usiku. Siku moja haukutoka kabisa. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda akiwa amejikunja kwa maumivu, akawekwa mpira wa mkojo, na akaishi na mpira huo kwa miezi minne huku familia ikitafuta fedha. Alipofanyiwa upasuaji na mpira ukatolewa, mkojo ulitoka kwa nguvu ambayo hakuwa ameiona kwa miaka mingi. Nyumbani kulipikwa wali na kuku.

Kwa daktari, kazi ilikuwa imefanikiwa, na hilo ni kweli. Njia iliyokuwa imeziba ilikuwa imefunguka na figo zilikuwa zimeokolewa.

Lakini wiki ya pili mzee aligundua kwamba akikohoa, tone linatoka. Akiinuka kwenye kiti, linatoka. Akinyanyua ndoo ya maji, suruali inalowa. Usiku alikuwa analowesha shuka kabla hajafika mlangoni. Alichukua kanga kuukuu ya mkewe, akaichana vipande, akawa anavaa ndani na kubadilisha mara tano kwa siku. Alihamia chumba cha pili, akalala kwenye mkeka, akisema mgongo unamuuma na godoro ni laini mno. Baada ya saa nane mchana hakunywa tena maji. Palipotokea msiba, daftari alimwachia kijana mwingine akisema macho yamechoka.

Mkewe hakujua la kufikiri. Walikuwa wamelala chumba kimoja kwa zaidi ya miaka 40. Kwa kuwa hakuelezwa chochote, alihitimisha kwamba amechokwa.

Siku ya kurudi kliniki, daktari alimuuliza, "Mzee, mkojo unatoka vizuri?" Akajibu, "Unatoka." Ndani ya chumba kulikuwa na wanafunzi wawili wa uuguzi, wasichana wa umri wa wajukuu zake. Daktari alikuwa anauliza kama njia imefunguka, na mzee alimjibu hilo aliloulizwa. Kwenye faili paliandikwa kwamba anaendelea vizuri.

Ukimya huo haukuishia nyumbani kwake. Jirani yake wa upande wa pili wa barabara, mwanaume wa miaka 60 na kitu, naye alikuwa na mpira wa mkojo na amepangiwa tarehe ya upasuaji. Alikuja kuuliza. Mzee hakumweleza kwa undani, alimwambia tu, "Mimi ningejua, nisingekwenda." Jirani hakwenda. Alikaa na mpira kwa karibu mwaka, ukaziba mara mbili, akapata homa kali ya maambukizi. Mpira ukikaa muda mrefu hualika vijidudu, na njia ya mkojo ikiendelea kuziba, figo zinaweza kuharibika. Mgonjwa mmoja ambaye hakuelezwa mapema kuhusu kuvuja alikuwa amegeuka mshauri wa kijiji.

Kwa nini mkojo huvuja baada ya upasuaji uliofanikiwa? Tezi dume imekaa chini ya kibofu, ikizunguka njia ya mkojo. Mwanaume ana sehemu mbili za kuzuia mkojo, kama koki mbili kwenye bomba moja. Ya kwanza ipo kwenye shingo ya kibofu, juu ya tezi. Ya pili ni msuli ulio chini ya tezi. Tezi inapotolewa, koki ya juu hudhoofika, na msuli wa chini ambao kwa miaka yote ulikuwa unasaidiwa unabaki na kazi peke yake. Kibofu nacho, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kinasukuma mkojo kwenye njia iliyoziba, kimekuwa na nguvu na papara. Kinaweza kuendelea kusukuma hata pale ambapo hakuna tena cha kukizuia.

Kwa wengi waliotolewa tezi iliyovimba tu, isiyo na saratani, kuvuja huku hupungua na kuisha ndani ya wiki au miezi kadhaa. Ni wachache wanaobaki nako kwa kudumu. Kwa walioondolewa tezi nzima kwa sababu ya saratani, kuvuja ni jambo la kawaida zaidi na huchukua muda mrefu zaidi kupungua, ingawa wengi wao nao hupata nafuu kubwa katika mwaka wa kwanza. Mzee wa Katumba angelijua hilo siku anatoka wodini, huenda angehesabu wiki. Yeye alihesabu aibu.

Wanawake wa Tanzania angalau wamefunguliwa mlango. Kwa miaka mingi matangazo ya redio yamewaeleza kwamba kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu ni fistula, kwamba inatibika, na kwamba hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo. Mwanamke wa kijijini anajua jina la tatizo lake. Mwanaume anayesikia matangazo hayo anaelewa kitu kimoja, kwamba kuvuja mkojo ni ugonjwa wa wanawake. Hivyo wa kwake anauficha.

Hata hivyo, madaktari wa fistula wamejifunza jambo linalowahusu wanaume pia. Daktari anaweza kuziba tundu vizuri kabisa, akapima na kukuta limefungwa, na bado sehemu ya wanawake hao wakaendelea kuvuja kwa sababu msuli wa kuzuia mkojo ulishaumia. Kwenye kitabu cha hospitali tundu limeziba. Kitandani shuka limelowa. Ndiyo maana kumuuliza mgonjwa kama ameridhika si adabu tu, ni sehemu ya matibabu.

Aliyevunja ukimya wa Katumba ni mtoto wa kwanza wa mzee, fundi seremala wa Mpanda mjini. Alipokuja kusalimia aliona vitambaa vimeanikwa nyuma ya banda la kuku, mahali ambapo nguo hazianikwi. Alimuuliza mama yake, naye akasema, "Baba yako hunifichi vitambaa tu, siku hizi ananificha na yeye mwenyewe." Kijana hakuweza kumkabili baba yake kwa jambo la namna hiyo. Alikwenda kwa baba mdogo, mdogo wake mzee, ambaye anaweza kumtania kaka yake. Wazee wawili walikaa chini ya mwembe jioni moja, na waliposimama, safari ilikuwa imepangwa.

Walichagua treni badala ya basi. Treni ya kutoka Mpanda kwenda Tabora husimama Katumba, na ndani yake kuna choo. Kwenye basi mzee angelazimika kumwomba kondakta asimamishe ili achimbe dawa kila baada ya nusu saa, mbele ya abiria wote.

Safari hii daktari alikuwa mwingine, kijana, na alianza kwa kuwatoa watu chumbani. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Kisha aliuliza maswali matatu. Kwa siku unabadilisha vitambaa vingapi? Unavuja ukikohoa na kuinuka, au unavuja kwa sababu haja inakuja ghafla na hufiki chooni? Na ni kitu gani umeacha kufanya kwa sababu ya mkojo?

Swali la tatu ndilo lililomfungua mzee. Alisema, "Nimeacha daftari." Ilibidi aeleze daftari gani.

Mkojo ulipimwa, ukakutwa na maambukizi, akapewa dawa. Sukari ilipimwa pia, kwa sababu kisukari humfanya mtu akojoe sana. Kwa ultrasound iliangaliwa kama kibofu kinabaki na mkojo baada ya haja, kwa kuwa wapo wanaovuja si kwa kulegea bali kwa kufurika, kama pipa lililojaa. Chake kilikuwa kinaisha vizuri. Kisha alifundishwa mazoezi ya misuli ya nyonga.

Mazoezi hayo hayahitaji kifaa wala fedha. Mtu hukaza misuli kana kwamba anazuia upepo usimtoke mbele za watu. Anashikilia kwa sekunde 5 hadi 10, analegeza kwa muda uleule, anarudia mara 10, na kufanya mzunguko huo mara tatu kwa siku. Tumbo, mapaja na makalio yasikazwe, na pumzi isizuiwe. Tena anakaza kabla ya kukohoa, kuinuka au kunyanyua mzigo. Asifanye mazoezi kwa kuukatiza mkojo kila anapokojoa, kwa sababu kibofu kinaweza kuzoea kutomaliza. Matokeo huonekana baada ya wiki na miezi.

Daktari alimkataza pia kujinyima maji. Mkojo mzito hukera kibofu na humfanya mtu atake kwenda haja mara nyingi zaidi. Kinachofaa kupunguzwa ni chai ya rangi na kahawa, hasa jioni. Choo kigumu, sigara na kikohozi kisichotibiwa navyo huongeza kuvuja.

Mzee hakuridhika na mazoezi. Alitaka kupasuliwa tena ili amalize. Daktari alimweleza kwamba upasuaji wa kuzuia kuvuja upo, ila kwa kawaida hungojewa hadi miezi kama 12 ipite, kwa sababu mwili wenyewe unaweza kuwa bado unajirekebisha.

Upo wa aina mbili kuu. Wa kwanza ni kuweka mkanda mwembamba chini ya njia ya mkojo ili kuishikilia, na huwafaa zaidi wanaovuja kiasi kidogo au cha wastani. Wa pili ni vali bandia, ambayo timu ya daktari F. Brantley Scott wa Houston, Marekani, ilianza kuipandikiza mwaka 1972. Ni kipete laini kinachozunguka njia ya mkojo, kifuko kidogo cha maji kilichowekwa tumboni, na pampu ndogo iliyofichwa kwenye korodani. Kipete kikijaa maji, mkojo umefungwa. Mwanaume akitaka kukojoa huminya pampu kwa vidole, kipete kinalegea, na baada ya dakika chache kinajifunga chenyewe. Kifaa hakiwashwi siku ya upasuaji. Husubiri wiki kama sita kidonda kipone.

Vali hiyo ina masharti yake. Ni ghali. Mwenye nayo lazima awe na vidole na akili ya kuitumia kila siku. Inaweza kuharibika au kupata maambukizi, na wengi huhitaji kuirekebisha au kuibadilisha baada ya miaka kadhaa. Jambo la hatari zaidi ni hili: mwenye nayo akizidiwa na kupelekwa zahanati, mtu akamwekea mpira wa mkojo bila kujua, njia ya mkojo inaweza kujeruhiwa vibaya. Vali hulegezwa na kuzimwa kwanza. Kwa hiyo mke na watoto lazima wajue kwamba ipo, na wawe watu wa kwanza kusema wanapofika mapokezi.

"Nikiwekewa hiyo, nitakauka kabisa?" mzee aliuliza.

Jibu la uaminifu linapatikana kwenye utafiti wa Uingereza uitwao MASTER, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Wanaume 380 waliokuwa wanavuja baada ya upasuaji wa tezi dume waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapate mkanda na nusu vali. Baada ya mwaka mmoja waliulizwa kama bado wanavuja, hata kidogo. Katika kila wanaume 10, zaidi ya 8 walisema ndiyo, na makundi yote mawili yalikaribiana. Ukiishia hapo, utasema upasuaji umeshindwa. Lakini alama za usumbufu, kwenye kipimo kinachoishia 21, zilikuwa zimeshuka kutoka kama 16 hadi kati ya 7 na 9. Na wengi wa wanaume hao walisema wameridhika.

Mtu hupata wapi kuridhika akiwa bado hajakauka? Anapata kwenye tofauti. Aliyekuwa anatumia pampasi nne kwa siku hununua 120 kwa mwezi. Akibaki na moja, hununua 30. Aliyekuwa halali na mkewe amerudi kitandani. Aliyekuwa hakai kanisani wala msikitini hadi mwisho sasa anakaa. Na zaidi ya yote, anapata kwa kuwa alichokipata kinafanana na alichoambiwa. Aliyeahidiwa kukauka kabisa atalia na kitambaa kimoja. Aliyeelezwa kwamba huenda akabaki na kimoja atashukuru.

Mzee alicheka. "Kwa hiyo nipasuliwe, nilipe, na bado nivuje kidogo?"

"Huenda, mzee. Cha kujiuliza ni kidogo kipi kinakutosha wewe."

Alirudi Katumba na karatasi ya mazoezi. Jambo la kwanza alilofanya ni kumweleza mkewe kila kitu. Mama alinyamaza, kisha akamlaumu kwa miezi mitano ya mkeka. Alitandika nailoni chini ya shuka na kumrudisha chumbani. Baada ya miezi minne, vitambaa vitano vilikuwa vimebaki kimoja, na usiku mara nyingi anaamka mkavu. Vali hajaitaka. Daftari la rambirambi limerudi mikononi mwake, ingawa siku hizi huchagua kiti cha mwisho, karibu na njia ya kutokea.

Alikwenda pia kwa jirani yake. Safari hii hakusema sentensi moja. Alimweleza habari ya mpira, ya vitambaa, ya mkeka, na ya mazoezi. Jirani alikwenda kupasuliwa akiwa na mkewe, na maswali wameyaandika. Alivuja kwa wiki tatu. Hakuhama chumba, kwa sababu yeye na mkewe walikuwa wanalijua jambo hilo.

Kabla ya upasuaji kila mgonjwa husaini fomu ya ridhaa. Wengi huisaini kama wanavyosaini risiti, mtoto akiwa ameshika kalamu na mzee akibonyeza kidole. Neno ridhaa na neno kuridhika ni ndugu wa damu. Anayeridhia asichokielewa ni vigumu aje aridhike nacho.

Kwa hiyo mwenye baba anayepangiwa upasuaji wa tezi dume amsaidie kuuliza mapema: Je, nitavuja baada ya mpira kutolewa? Kwa kawaida ni kwa muda gani? Nianze mazoezi lini? Tendo la ndoa litakuwaje? Nikiendelea kuvuja, nirudi kwa nani? Mke awepo, kama mzee anakubali. Na siku ya kurudi kliniki ni haki ya mgonjwa kuomba wasiohusika watoke chumbani.

Nyumbani, asiulizwe mbele ya wakwe wala wajukuu. Kama mtoto hawezi kumuuliza, atafutwe anayeweza: kaka yake, rafiki yake wa ujana, shemeji anayetaniana naye. Dalili zipo hata asiposema. Ameacha kunywa maji, amehama chumba, amekatisha safari, anafua mwenyewe nguo ambazo hakuwa akifua.

Yapo pia mambo yasiyosubiri mazungumzo chini ya mwembe. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, ukiwa na damu nzito au mabonge, akipata homa na kutetemeka, au mkondo uliokuwa mzuri ukianza tena kuwa mwembamba, arudishwe hospitali. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na kovu linaloziba njia, na mazoezi hayalifungui. Mengi ya matatizo mengine yanaweza kusubiri hadi kesho, mradi tu kesho hiyo mtu amuulize.